Kitalu cha Mita Tisa

Jamani, leo nimeumbuka. Si kidogo. Nimeumbuka nikiwa nimefungiwa ndani ya neti, mtaa mzima unanitazama kama mche wa kwanza wa msimu.

Ngoja niwaeleze tangu mwanzo, mnihukumu kwa haki.

Mimi ni mwalimu wa hesabu hapa Mtwara, nakaa Chuno. (Kwetu ni Njombe, nyanya tulizoea kuziona zimejaa tu.) Hapa nyanya zangu zote huharibika. Mvua ikija zinaoza, jua likija zinababuka. Nikaamua: nyuma ya nyumba najenga kitalu nyumba, kile kibanda cha mabomba, paa la plastiki, pembeni neti. Mke wangu, Mama Upendo, akasema sawa, ila kisimlie kamba yake ya kuanikia nguo. Hapo hapo nikamtilia shaka. Mtu anayeanza na kamba ya nguo huyo hajakubali.

Nikanunua mabomba, plastiki na neti za kutosha mita tisa. Nikamwita Fundi Bakari wa Magomeni, hii ya hapa hapa Mtwara, mzee mmoja mpole, anaongea taratibu, watu wote wanamsifu. (Mtu anayesifiwa na watu wote mimi huwa namwangalia mara mbili.)

Ijumaa ya wiki iliyopita akaja na tepu yake. Akapima kutoka ukuta wa jikoni mpaka ukuta wa uzio. Akanong'ona kitu, akahesabu kwa vidole, akasema:

"Mwalimu, uwanja wako mita tisa. Kitalu tufanye nane. Moja ibaki ya kupita."

"Na vifaa vya ile mita moja?"

"Vitakuwa mabaki."

Mabaki! Masikio yakanisimama. Nyote mnajua desturi: mabaki ni ya fundi. Na juzi yake tu alikuwa amemwambia jirani yangu Bi Mwanaidi kwamba anatamani kibanda kidogo cha mchicha kwake Magomeni. Nikajisemea moyoni, ahaa, kumbe! Mchicha wake utajengewa banda kwa bomba langu.

Nikatabasamu. (Tabasamu langu la kukusanya madaftari.)

Adhuhuri fundi akaenda kuswali Ijumaa, begi lake akaliacha kibarazani, tepu juu yake. Nikaona hii ndiyo nafasi. Nimkamate kwa tepu yake mwenyewe, asije akasema yangu ni mbovu. Nikamvuta Mama Upendo kutoka jikoni.

"Shika huu mwanzo hapa ukutani. Usitikisike."

"Baba Upendo, lakini hii tepu..."

"Shika tu! Usiongee, watu watasikia."

"Haya, nimeshika."

Nikakimbia na kile kiboksi mpaka kwenye uzio, nimeinama kama mwizi kwenye nyumba yangu mwenyewe. Nikasoma. Kumi! Mita kumi kamili! Nikasoma tena. Kumi.

Nusura nipige vigelegele. Uwanja kumi, yaani kitalu tisa na moja ya kupita: huyu mzee amenilia mita moja mchana kweupe, tena ametoka hapa anakwenda msikitini! Nilitaka kupima na upana, lakini nikasikia watu wanarudi kutoka kuswali, nikarudisha tepu pale pale, nikaketi, nikashika gazeti. (La mwezi uliopita. Juu chini.)

Fundi alipofika nikamwambia kwa sauti nzito: "Fundi, kitalu kiwe mita tisa."

Akanitazama. "Tisa? Mwalimu, uwanja ndio tisa."

"Najua ninachokisema. Na mlango wa kitalu uelekee jikoni, mama akitoka na sufuria anachuma moja kwa moja."

"Utafungukia wapi?"

"Fundi. Tisa."

Akachukua tepu yake, akasema, "Haya bwana. Nyumba ni yako." Mimi nikaona huyo, ameshajua nimemjua. Wiki nzima nikatembea kifua mbele. Nilimwambia Bi Mwanaidi. Nilimwambia mwenye duka. Nilimwambia hata mjumbe wetu wa mtaa, Mzee Chilumba: "Mzee, yule fundi wenu muwe naye macho. Anaiba mita." Mzee Chilumba akasema amemjua Bakari tangu utoto wao na hajawahi kusikia hayo. Nikamjibu, "Ndiyo maana anaendelea."

Leo asubuhi, Jumamosi, kazi ikaanza. Nilivaa shati jeupe kwa ajili ya picha. Nikaingia ndani ya kitalu kumsimamia fundi kila bomba, yeye anafunga kwa nje, pembeni, mimi namshikia kwa ndani na kuhesabu kwa sauti asije akapunguza. Plastiki juu, ikakaa. Neti kushoto, kulia, akazifunga chini kwa waya, kaza kabisa. Ikabaki ile sehemu ya mwisho yenye mlango. Akaisukuma mahali pake.

Ikagusa ukuta wa jikoni.

Nikasukuma mlango. Haukwenda popote. Upande wa pili, uzio. Pembeni, neti na waya. Na wakati huo huo nikasikia Mama Upendo anasukuma mlango wa jikoni, nao ukagonga bomba, ngo!

"Baba Upendo, mmeweka nini hapa?"

Jasho likaanza. Mnajua joto la Mtwara la saa sita, sasa liwekeeni paa la plastiki. Shati jeupe likanata mgongoni. Na akili yangu, badala ya kutulia, ikakimbilia kulekule ilikozoea: huyu mzee amerefusha kitalu makusudi anikomoe!

Nikapiga kelele. "Umenifungia! Nimekwambia tisa, umefunga kumi! Mwiteni mjumbe! Aje aone mwizi wa mita!"

Mnajua Chuno. Hata haikuhitajika kumwita mjumbe. Kwanza alikuja Bi Mwanaidi, halafu wapangaji wake, halafu mwenye duka aliyefunga duka kabisa, halafu Mzee Chilumba na kofia yake. Wakajipanga pembeni mwa neti. Na kati yao nikamwona Fatuma, mwanafunzi wangu wa kidato cha pili, ametumwa chumvi.

"Shikamoo mwalimu," akasema kwa adabu.

"Marahaba," nikajibu kutoka ndani ya banda.

Fundi Bakari hakugomba. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Akamwambia mjumbe polepole: "Mimi kazi yangu ni kuaminiwa. Jina likiharibika hapa Chuno, Magomeni nako nani ataniita? Naomba apime mwenyewe, mbele yenu."

Akalegeza waya kidogo kule kwenye uzio, akapenyeza tepu chini ya neti. Yeye akashika mwanzo, mimi nikavuta kiboksi mpaka kwenye mlango wa kitalu. Nikasoma kwa sauti ya darasani:

"Kumi! Mmesikia? Kumi! Niliagiza tisa!"

Watu wakageuka wakamtazama fundi. Bi Mwanaidi akaguna. Nikahisi ushindi, walahi, ushindi mtamu.

"Mwalimu," akasema fundi, "sasa njoo huku mwanzo. Nitafutie namba moja, ile ya sentimita."

Nikaenda. Nikainama. Nikatafuta moja. Hakuna. Nikatafuta kumi. Hakuna. Hamsini, hakuna. Tepu ilikuwa imekatika, imesawazishwa vizuri kwa mkasi, na namba ya kwanza kabisa ilikuwa mia moja na moja.

"Ilikatwa na msumeno zamani," akasema. "Mimi huanzia mia, kisha natoa mita moja. Mafundi wote wanajua. Nilidhani mwalimu wa hesabu..."

Hakumalizia. Hakukuwa na haja.

Halafu dirisha la jikoni likafunguka, kichwa cha Mama Upendo kikatokea.

"Mimi niliona siku ile inaanzia mia. Nikataka kusema, ukaniambia nisiongee."

Yesu wangu! Mtaa ulicheka mpaka neti ikatikisika. Mzee Chilumba alivua kofia akajifutia macho. Fatuma peke yake hakucheka, alikuwa ananionea huruma, na hiyo ndiyo iliniua kabisa.

Nilitoka kwa kutambaa chini ya neti, kwa tumbo, na shati langu jeupe la picha. (Picha zilipigwa. Nyingi.) Nikasimama na udongo wangu, nikamshika fundi mikono yote miwili mbele ya wale wale niliowajaza maneno. "Mzee wangu, nisamehe. Wewe si mwizi. Mwizi ni hii roho yangu." Kwa kweli niliona haya hata kumtazama.

Akasema yamekwisha. Halafu akachukua msumeno, akakata mita moja. Kitalu kikawa nane, milango yote miwili ikafunguka, Mama Upendo akatoka na sufuria yake.

Nikamwambia fundi, "Haya, mabaki ni yako. Kajenge banda la mchicha."

Akashangaa. "Mchicha? Mwalimu, haya mimi nilitaka kukutengenezea kichanja cha miche humo ndani. Bure. Ila hukungoja kuuliza, ulikuwa umeshasema tisa."

Nikayabeba yale mabomba begani mwenyewe, na neti na plastiki juu yake, kutoka Chuno mpaka kwake Magomeni, kwa miguu, huku kila anayepita ananipa pole ya mita.

Sasa nimekaa hapa nimeshaoga, nawaandikia. Jumatatu saa mbili asubuhi nina kipindi cha kidato cha pili. Mada ni vipimo. Fatuma hukaa dawati la mbele.

Naombeni basi angalau ninyi msicheke.