Bwana Teleza Ashindwa Kuanguka

Sakafu ya duka kubwa ilikuwa imepigwa deki dakika hiyo hiyo, karibu na rafu za sabuni, na kibao cha njano cha kuwaonya wateja kilikuwa kimesahauliwa nyuma ya mlango wa stoo. Watu wa kawaida waliona maji. Bwana Teleza aliona mavuno. Akainua macho kuhakikisha kamera ya darini inamtazama, akaweka kola ya shati sawa, akaukanyaga unyevu ule kwa mguu wa kushoto na kuanguka anguko ambalo, kama duniani kungekuwa na haki, lingefundishwa vyuoni.

"Mguu wangu!" akalia. "Jamani, mguu wangu!"

Kabla sijaendelea, nikiri jambo moja. Bwana Teleza ni mimi. Namwita "yeye" kwa sababu yaliyompata yananitia aibu, na mtu ni rahisi kumcheka ukimsogeza kando kidogo. Basi tumcheke.

Mguu wenyewe haukuwa wa uongo mtupu. Ujanani aliruka ukuta wa watu, sababu tuiache, akatua vibaya na kifundo kikavimba. Hakwenda kutibiwa, alikifunga kitambaa akaendelea na maisha. Tangu siku hiyo kifundo kililegea, kikawa kinageuka chenyewe kila baada ya wiki chache: kwenye ngazi, kwenye changarawe, hata juu ya zulia. Mwenye akili angeenda hospitali. Yeye, aliyejiona ana akili kuwashinda wenye akili wote, aliugeuza ugonjwa kuwa ajira. Alianguka madukani, hotelini na maofisini, na wenyewe wakamtuliza kwa kitu kidogo asije akawapigia kelele mbele ya wateja.

Nyumbani ajira hiyo haikuwa na heshima yoyote. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa amemwambia juma lile lile bila hata kuinua macho kwenye kitambaa:

"Nimechoka kuolewa na mtu anayelala chini kwenye maduka ya watu. Nakupa miezi mitatu. Ukikosa kazi ya kueleweka, naenda kwa kaka yangu, na sirudi."

"Mke wangu, unanitisha?"

"Nakupa taarifa."

Alimpenda mwanamke huyu, hilo nalisema bila mzaha. Alipofikiria nyumba bila mlio wa ile cherehani, aliona si nyumba tena.

Kwa hiyo siku ile, akiwa kwenye kiti cha ofisi ya meneja huku amenyoosha mguu juu ya katoni, hakutaka tena kitu kidogo. Alitaka kitu cha kudumu. Na meneja, mtu mkavu mwenye miwani, akamletea chenyewe mezani.

"Kampuni haiwalipi wanaoanguka," meneja alisema. "Inawatibu. Utafanya fiziotherapia wiki kumi na mbili kwa gharama yetu. Ukishindwa kupona, daktari akiandika kwamba huwezi kusimama muda mrefu, tutakupa kile kibanda cha mlangoni, cha vocha na maji ya chupa. Utakaa humo bila kodi."

"Kile chenye kiti?"

"Chenye kiti na feni."

Bwana Teleza alitoka pale akichechemea kwa furaha. Alichotakiwa kufanya ni kutopona tu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na mitano bila kuisomea.

Chumba cha fiziotherapia kilikuwa na kioo kirefu, mipira ya kuvuta iliyoning'inia ukutani, ngazi ya mbao yenye hatua tatu isiyokwenda popote, na ubao wa duara wenye kitako cha mviringo, ambao ukiukanyaga tu unaanza kuyumba. Mtaalamu alikuwa dada mmoja mwembamba mwenye mikono ya chuma. Alikibinya kifundo, akakizungusha, akatikisa kichwa.

"Kano zimelegea, kaka. Mguu ukianza kugeuka, habari inafika kwenye ubongo wakati umeshachelewa. Tutaimarisha misuli ya upande huu wa nje, na tutaufundisha mguu ujiokoe wenyewe kabla hujafikiri. Lakini kazi kubwa ni ya nyumbani. Kila siku, bila kuruka."

Akampa karatasi ya mazoezi. Bwana Teleza aliipokea kwa mikono miwili, na alipofika nje akaitupa bila kuisoma. Angeisoma, hadithi hii isingekuwepo.

Kwenye benchi la kusubiria alikaa mama mmoja wa makamo, mnene, mwenye mkongojo na uso wa upole. Naye alikuwa na kifundo. Alisema alidondoka kwenye ngazi za nyumbani kwake. Wiki ya pili wakawa wamezoeana, na Bwana Teleza, ambaye hajawahi kuweka siri ya ujanja wake zaidi ya siku tisa, akamnong'oneza mpango mzima: kibanda, kiti, feni.

Mama alicheka mpaka mkongojo ukaanguka.

"Mwanangu, nimekuona kwenye ule ubao. Unayumba kama mtu wa maigizo. Mguu mbovu wa kweli una namna yake ya kuyumba. Mwisho wa wiki kumi na mbili utakutana na daktari mkuu, na yule hadanganyiki."

"Sasa nifanyeje, mama?"

"Jizoeze. Asubuhi ukipiga mswaki, simama kwa mguu huo mmoja. Ukizoea, funga macho. Jioni panda hatua ya ngazi, visigino juu, visigino chini, mara ishirini. Funga mpira kwenye mguu wa meza, uvute kwa nje. Ukishajua kuyumba bila kuanguka, siku ya siku utaanguka pale pale unapotaka."

Ona sasa. Mtu aliyetupa maagizo ya hospitali akayapokea yale yale benchini, akaona ni siri za kazi. Akamwita mama yule mwalimu, na akamnunulia soda.

Alijituma kama hajawahi kujituma maishani. Alisimama kwa mguu mmoja bafuni hadi povu la mswaki likamtiririka kifuani. Alisimama hivyo akichambua mchele, mpaka jirani akauliza kama kuna nadhiri. Mkewe alimtazama siku kadhaa, kisha jioni moja akaanza kumhesabia huku akishona.

"Kumi na nane. Kumi na tisa. Usiegemee ukuta, nimekuona. Ishirini." Akakata uzi kwa meno. "Sikujua kama unaweza kushikilia jambo."

Bwana Teleza alishuka kwenye hatua ya ngazi. Aliona aibu. Niache hiyo "yeye" kidogo: niliona aibu. Mke wangu alidhani ninataka kupona.

Siku ya kupimwa walikuwa watatu: daktari mkuu, dada wa fiziotherapia, na meneja na fomu yake. Bwana Teleza alipanda kwenye ubao wa duara kwa mguu wa kushoto, akavuta pumzi, akajiachia upande wa nje.

Mguu ukakataa. Ukajikaza wenyewe, ukamrudisha wima, na ubao ukatulia.

"Vizuri sana," alisema daktari.

Akajaribu tena. Safari hii aliukanyaga ukingo kabisa, pale ambapo hata mbuzi angeanguka. Kifundo kikajirekebisha kabla hajamaliza kupanga sura ya maumivu. Jasho likamtoka. Akapanda hatua ya tatu ya ile ngazi ya mbao na kujitupa kama gunia. Akatua kwa mguu mmoja, akaruka mara mbili, akasimama mbele ya daktari mikono imenyooka pembeni.

Daktari akapiga makofi. "Miaka yote sijapata mgonjwa aliyejituma hivi!" Na akaandika kwa kalamu isiyofutika: Anaweza kusimama, kutembea, kupanda ngazi na kubeba mizigo bila kizuizi.

Bwana Teleza aliteremka ghorofa mbili akiilaani dunia. Alipofika chini ndipo alipogundua kwamba hakuwa ameshika ukuta hata mara moja. Ilimfurahisha, na hilo likamuudhi zaidi.

Wiki iliyofuata, siku ya mwisho ya ile miezi mitatu, alipita dukani asubuhi akiwa hana la kumwambia mkewe. Kibandani, juu ya kiti, mbele ya feni, alikaa mama wa benchini. Mkongojo ulikuwa umening'inizwa kwenye msumari.

"Mama! Si ulisema ulianguka nyumbani?"

"Niliteleza hapa hapa, wiki ile ile uliyoteleza wewe. Kibanda ni kimoja, mwanangu, na wewe ulikuwa unaanguka vizuri kuliko mimi."

"Na yale mazoezi uliyonifundisha? Mwenyewe ulikuwa unayafanya?"

Mama alimtazama kwa huruma ya kweli. "Ningeyafanya, si ningepona?"

Bwana Teleza akauangalia ule mkongojo msumarini. Miaka kumi na mitano katika fani, na amepigwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimnunulia soda.

"Usinune," mama alisema. "Mimi kusimama siwezi, daktari kaandika. Kuna katoni za maji za kupandisha ngazi hizi za mlangoni, na wateja wa kuhudumiwa. Nataka mtu wa kusimama kutwa, mwenye cheti. Unacho?"

Alikuwa nacho mfukoni. Akakitoa polepole, kama mtuhumiwa anayekabidhi kidhibiti.

Saa kumi alasiri alikuwa akipanda na katoni ya saba pale mkewe alipotokea, na begi mkononi. Alikuja kuaga, jirani alikuwa amemwelekeza. Akasimama akimwangalia mumewe akipanda na kushuka bila kuitazama miguu yake.

"Hii ni kazi?" aliuliza.

"Ndiyo. Nimeajiriwa."

"Wewe? Umesimama?"

"Tangu asubuhi. Kiti ni cha mama pale."

Mkewe alisoma cheti kilichobandikwa ukutani, mstari kwa mstari, mpaka mwisho. Halafu akalitua begi mbele yake.

"Wameandika unaweza kubeba mizigo. Ukimaliza hapo beba na hili, turudi nalo nyumbani."

Nikalibeba. Lilikuwa zito ajabu. Ndani alikuwa ametia na kichwa cha cherehani.