Chemba Mpya ya Bunduki ya Mzee Einar

Jumanne, 8 Oktoba
Shemeji Clell amekuja kula tena. Kamaliza mkate wa nyama wote, akajifuta mdomo, akaanza: bunduki yake sasa imepanuliwa chemba, pale risasi inapokaa, kwa hiyo risasi inabeba baruti zaidi, mwaka huu kulungu atamwangusha kutoka ng'ambo ya bonde. Akanigeukia. "Na wewe shemeji, bado unawarushia mawe?" Verna akacheka. Mke wangu mwenyewe!

Nimeamua. Bunduki ya marehemu baba mkwe, mzee Einar, itapanuliwa pia. Kazi yenyewe ndogo. Fundi anakwangua chuma kidogo ndani ya chemba, unapiga risasi ya kawaida, ganda la shaba linafura na kutoka na umbo jipya, mabega makali. Ukilijaza tena, linameza baruti zaidi. Basi.

Nimemgusia Verna. Kasema chuma kikishakwanguliwa hakirudi, na bunduki hiyo ndiyo kitu pekee cha baba yake kilichobaki humu ndani. "Ukiikata, Orrin, utakuwa umemzika mara ya pili." Kwa sauti ya chini kabisa. Nikajibu kwamba nimesikia. Sikusema nimekubali.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimeaga kwamba naenda kununua minyororo ya matairi, ile ya kuzuia gari kuteleza kwenye theluji. Bunduki chini ya blanketi, nyuma ya kiti. Lamont, fundi bunduki, ni mgeni hapa mjini, hajui habari za mtu. Kamulika ndani, kapima, kasema chemba ni ileile ya kiwandani, haijaguswa. Nikapige kwanza risasi chache za kawaida, nimletee maganda ayakague.

Kisha akachungulia dirishani. "Yule mzee kwenye pikapu haingii? Baridi hii itamuua."

Nilikuja peke yangu. Nikamwambia ni mbwa. Akauliza mbwa gani anavaa kofia ya kufunika masikio. Baba mkwe alikuwa na kofia kama hiyo, lakini nusu ya wanaume wa bonde hili wanazo. Nikatoka nje. Hakuna mtu. Kiti cha abiria kina joto. Ni jua tu, nadhani, ingawa mawingu yalikuwa mazito kidogo.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nimepiga risasi kwenye machimbo ya kokoto. Ganda la kwanza limetoka limefura, mabega makali, umbo lilelile la maganda ya Clell! La pili vilevile. Na chemba haijaguswa! Nikajaribu kulirudisha ganda ndani. Likagoma. Limetokaje mahali lisipoingia? Nikasimama pale nikihisi natazamwa na mtu aliye karibu sana na mwenye subira. Nywele za shingo zikanisimama. Labda ni kola ya shati.

Nikampelekea Lamont. Akapima, akarudia kupima, akayasukuma maganda upande wangu kwa penseli. Hakutaka kuyashika tena. "Kaka, unataka nini zaidi? Umeshapewa bila kukata. Mimi ningesema asante, nikaenda zangu nyumbani." Kazi kaikataa. Mwoga.

Nimewaza njia nzima. Maana yake iko wazi. Mzee Einar mwenyewe anataka ikatwe. Kama hataki, ananionjesha ya nini?

Jumapili, 13 Oktoba
Verna kaenda kanisani. Mimi nina kikohozi, nimemwambia. Nikaenda kwa Clell kuazima kifaa cha kukwangulia. Kanipa, akasema ataniombea, maana hata kopo la samaki hunishinda kufungua.

Nimebana mtutu kwenye jiliwa, ile ya kushikilia chuma, ghalani. Nikaanza kuzungusha. Kifaa kikagoma, kama kuna mtu kakishika kwa upande wa pili. Nikavuta, na yeye akavuta. Nikajisikia nikisema, "Mzee, niachie basi. Ni mimi." Kikaachia polepole, kama mtu aliyechoka kubishana. Baada ya hapo chuma kikatoka laini, nyuzi nyuzi, bila taabu yoyote.

Ghala likawa kimya. Kimya cha nyumba ambayo mgeni ameondoka bila kuaga. Nimejisikia vibaya sana, sijui kwa nini. Nikanywa kahawa, ikapita.

Jumatatu, 14 Oktoba
Asubuhi nimemkuta Verna jikoni, kaweka vikombe viwili. Nikauliza cha pili cha nani, maana alipoviweka mimi nilikuwa bado nimelala. Kasema cha baba.

Nikakaa chini. Akanieleza taratibu kwamba tangu mzee azikwe, kila alfajiri huja kukaa pale karibu na kabati la bunduki. Hasemi kitu. Anapasha mikono kwenye kikombe, kunapambazuka, anaondoka. Hakuniambia kwa kuwa ningecheka. "Leo hajaja," kasema. "Umeigusa?"

Nikajibu sijaigusa. Akafungua kabati, akanusa chemba, akanusa mafuta mapya. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Akasubiri mpaka kahawa ya baba yake ikapoa, akaimwaga.

Jumapili, 27 Oktoba
Msimu wa kuwinda ulifunguliwa jana. Bunduki inapiga kama bunduki nyingine yoyote iliyopanuliwa, maganda yanafura kama ilivyoandikwa, hakuna anayenitazama. Kulungu nimemkosa. Clell kapata.

Verna bado anaweka kikombe kila alfajiri, na bado anakimwaga. Kwangu ana "ndiyo" na "hapana" tu. Inaniuma, sikatai. Leo nimemkuta akikiambia samahani kile kiti cha karibu na kabati, na kosa si lake.

Lakini nimepata dawa. Mtutu wote nitautoa, niweke mpya, mrefu na mzito zaidi, na kitako cha kisasa kisichopasuka kwa baridi. Mzee alipenda vitu imara. Akiona ilivyopendeza atarudi mwenyewe. Verna sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.