Bendera Nne Nyuma ya Nyumba ya Maman Marcelline

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Leo nimekuwa mcheza gofu. Bado sijagusa fimbo wala mpira, lakini nimeshamwambia Virginie, na mengine yatafuata.

Saa sita mchana alinitumia picha kutoka Kigali: kofia nyeupe, fimbo mkononi, majani mabichi nyuma yake. Ameanza kujifunza gofu. Nilikuwa ofisini, mbele ya makabati yangu ya mafaili. Vidole vikajibu vyenyewe kwamba hata mimi nacheza, mwaka wa pili sasa. Akaandika: siku moja utanionyesha.

Siku moja! Miaka minane tangu aondoke Bukavu, hajawahi kuniandikia maneno matamu kiasi hicho. Tuliimba wote katika kwaya ya parokia, mimi nikisimama nyuma ya bega lake la kushoto. Jumapili yake ya mwisho alisahau mwavuli wake mwekundu kwenye benchi. Nilikusudia kumrudishia. Bado nakusudia.

Jioni nimefanya mazoezi ya kwanza chumbani kwa mwavuli huohuo, kwa sababu mpini wake umepinda vizuri. Pigo la tatu likakutana na mlango. Vyuma vimevunjika vyote. Nimekaa kitandani nimeupakata, nikalia kidogo. Mtu wa miaka arobaini na mmoja!

Jumanne, 3 Septemba

Kadutu baada ya kazi. Nimezunguka soko mpaka magoti yakaniuma. Muuza mitumba mmoja alikuwa na fimbo ya gofu, moja tu, anafukuzia mbuzi. Aliniapia kwamba ni fimbo ya kutembelea ya muzee fulani wa Ulaya. Sikumsahihisha. Mipira hakuna. Nimenunua marakuja kumi na mawili, pasheni mabichi, magumu.

Shida nyingine: mji huu wote ni mteremko. Marakuja la kwanza nililipiga nyuma ya nyumba yangu. Liligonga jiwe, likashuka ngazi, likavuka barabara, likaendelea kuelekea ziwani. Mama mmoja aliyekuwa anapanda na kapu aliuliza kama kichwa changu kiko sawa.

Katika mtaa wetu wote wa Nyalukemba najua sehemu moja tu iliyo tambarare: nyuma ya nyumba ya Maman Marcelline, majani matupu, hatua hamsini kwa thelathini. Na Maman Marcelline ni mama yake Virginie. Mungu ana mipango!

Jumatano, 4 Septemba

Nimejitolea kumkatia Maman Marcelline majani. Mjane yule alinitazama kwa muda, akaniita mutoto muzuri, akakubali. Gofu sijaitaja. Anachosikia mama, binti anakisikia kabla chai haijachemka, na mimi nataka Virginie ashtuke kwa furaha.

Mpango wenyewe: mashimo manne, bendera nne, halafu picha kwenda Kigali. Nitaandika: uwanja uko tayari, karibu.

Baada ya kazi nilipewa fufu na sambaza, vile visamaki vya ziwani. Nilikula chini ya picha ya Virginie ya siku ya kupata diploma. Nilitafuna polepole ili nikae zaidi.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimefanya kosa la kumwambia Hugues. Hugues ni dereva wa jeep ya ofisi, na zamani alikuwa anamsubiri Virginie nje ya kanisa kwa kisingizio cha kumwuliza saa. Alidai amecheza gofu Nairobi, wakati wa semina. Akaja kunifundisha.

Somo lilikuwa hivi: panua miguu, inamisha kichwa, toa makalio, usipumue. Marakuja matano yalipasuka. La sita lilikwenda upande, likamgonga Hugues kwenye goti. Alisema ubaya uko kwenye kiuno changu, kiuno cha mtu wa mafaili. Akaongeza kwamba Virginie atahitaji mtu wa kucheza naye kwelikweli. Nilimtazama akiondoka anachechemea na sikujuta hata kidogo.

Ijumaa, 6 Septemba

Siku kubwa! Nimeazima mita ndefu ya ofisini, ile ya kuzungusha, kwa sababu gofu ni mchezo wa vipimo. Ili pigo lisafiri mbali, nimeweka shimo katika kila pembe ya kiwanja. Kando ya kila shimo, kigingi. Juu ya kila kigingi, bendera nyekundu niliyoikata katika kitambaa cha mwavuli. Nilikata kwa uchungu, lakini nilitaka kitu chake kiwe kinapepea hapa.

Udongo wa pale ni laini. Naujua. Mwaka juzi shemeji yake Maman Marcelline alikuja na géomètre, mpima ardhi, kutaka kumnyang'anya parcelle yake, kiwanja hikihiki, na katika majirani walioamka kumtetea, mimi ndiye niliyeng'oa vigingi viwili kwa mikono yangu. Vilikuwa pembeni hivihivi, na vitambaa vyekundu.

Nilipima, nikaandika kwenye daftari, nikapima tena. Pazia la Maman Marcelline lilicheza. Nikampungia mkono. Pazia likafungwa.

Jumamosi, 7 Septemba

Maman Marcelline hakutoka kuniamkia. Tulipokutana kwenye ngazi aligeuza uso, akapita kando ya ukuta, akaingia ndani. Sambaza hakuna.

Nimefikiri sana na nimeelewa. Mama mkwe anayeheshimu desturi hamtazami mkwe wake usoni. Amenusa nia yangu na ameanza adabu mapema! Nimenawa uso na kujitazama kwenye kioo kama mkwe wa watu.

Jumapili, 8 Septemba

Baada ya misa nilikuwa kwenye shimo la pili. Jeep ya ofisi ikasimama. Hugues akafungua mlango. Akashuka Virginie.

Virginie! Shingo ileile, mwendo uleule wa haraka. Nilisahau kusalimu. Kumbe mama yake alimpigia simu Ijumaa ileile, akilia. Virginie alifika mbele yangu akauliza: Placi, uko napimia nani parcelle ya mama? Maman Marcelline akapiga kelele kutoka barazani kwamba alinilisha na nikala vizuri, kumbe miye mutu wa shemeji. Majirani walishaanza kutoka, na mmoja alishika jembe.

Nilisema yote. Picha, uongo, marakuja. Hakuna aliyeniamini. Virginie akang'oa kigingi, akashika kitambaa, akakigeuza. Akauliza kwa sauti ya chini: hii si mwavuli yangu? Uliichungaka miaka yote?

Nilitikisa kichwa kukubali.

Akaomba fimbo. Akaitazama, akacheka mpaka akakaa chini: ni ya mtu wa mkono wa kushoto! Hugues, bingwa wa Nairobi, alikumbuka ana kazi mahali. Virginie akaigeuza, akaweka mikono yake juu ya yangu, tukasukuma marakuja moja pamoja, taratibu, mpaka shimoni. Miaka minane nilitamani mikono ile. Ilikuwa na joto kuliko nilivyofikiri. Hata Maman Marcelline alipiga makofi.

Jumanne, 10 Septemba

Virginie amerudi Kigali. Nilimsindikiza mpaka mpakani, Ruzizi, nimebeba begi lake. Bendera moja alikuwa ameikunja na kuitia mfukoni. Kabla ya kuvuka aliniambia: siku ingine ukitaka nikuye, usinidanganye, andika tu kuya. Neno moja. Nilikuwa nasubiri ile neno tangu kwaya, akasema. Akaenda. Katikati ya daraja aligeuka mara moja, na kifua changu kikauma, na bado kinauma.

Mchana niliandika neno lile. Kuya, yaani njoo. Likakaa kwenye simu, dogo, uchi. Nikalifuta. Nani atatoka Kigali kwa neno moja? Alisema vile kwa huruma tu.

Nimechunguza jambo hili kwa utaratibu. Miaka minane ya salamu za Pasaka na Krismasi: hakuja. Gofu: hakuja. Vigingi vinne: siku mbili!

Maman Marcelline ameniomba msamaha, na ameniachia ufunguo wa geti, maana kesho anakwenda Luberizi kwa dada yake. Nimeshapita Kadutu. Kitambaa cha mwavuli bado kinatosha. Nimenunua vigingi vinane: majirani watampigia simu, atafika kwa siku moja.