Engo ya Kutoka Kaburini

Jamani, mimi leo sina uso. Na imetokea mazikoni, mahali ambapo mtu hata kukohoa anajizuia.

Mnajua kazi yangu, napiga video za harusi na mazishi hapa Busia. Leo nilikuwa Kirewa, anazikwa mama yake Athieno. Athieno mwenyewe anafanya kazi za ndani Omani na bosi amemnyima ruhusa. Alinipigia simu analia: "Kaka, nataka nimwone mama mpaka anaingia."

Nikaapa. Nikaanza na picha ya mbali, boma zima (safi!). Nikasogea karibu, uso wa mjomba wake, chozi linaning'inia (safi kabisa!). Hapo ujuaji ukanipanda. Nikataka engo ya kutoka chini: jeneza linakuja, watu wameinama, mawingu nyuma yao. Wachimbaji walipokwenda kunawa, nikaruka kaburini. Si mchungaji bado anahubiri?

Radi ikapiga. Mchungaji akakatisha mahubiri.

Kutoka sasa! Udongo unateleza, na mimi ni mfupi. Kwaya ikaja inaimba, jeneza likafika. Nikainua kamera juu.

"Samahani," nikasema. (Kwa adabu. Kaburini!)

Banange! Wabebaji nusura waniangushie marehemu. Kwaya nzima ikatimua mbio, ikaishia kwenye shamba la mihogo. Mjomba peke yake akachungulia.

"Nani iko ndani?"

"Mpiga picha, mzee."

"Toka. Hiyo nyumba si yako."

Mama mdogo wa Athieno akapokea kamera. Mimi nikavutwa kwa kamba za jeneza, kisha mjomba akanikabidhi jembe nisimame na wachimbaji. Kwa hiyo mama akashushwa mbele ya macho yangu, na mimi sipigi. Niliona aibu mpaka nikalia.

Jioni nikatuma video bila kuitazama. Athieno akapiga simu. Nikaanza kujitetea, akanikatiza.

"Kaka, nimemwona."

Kumbe mama mdogo hakujua kuzima kamera. Aliikumbatia hivyo hivyo, picha imepinda, inatetemeka, akiongea nayo: "Athieno, mwanangu, mama anashuka sasa. Muage."

"Nimemuaga," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unafanya nini mle?"

Msicheke. Siku yangu ikifika, nipigeni kutoka juu tu. Kule chini nishakuona.