Makumbusho Juu ya Turubai

Siku Ngoga alipoiona ile mashine, alikuwa ameingia uani kwa Byaruhanga kwa shughuli nyingine kabisa, yaani kukojoa ukutani. Mbarara haina reli wala haijawahi kusikia honi ya garimoshi. Hata hivyo mbele yake, katikati ya magugu, palikuwa na mashine ya kuchongea ekseli za mabehewa, ndefu kama kitanda cha wageni, na pembeni yake injini ya dizeli ya kuizungushia. Ngoga akasahau haja yake. Kwa macho tu alipiga hesabu ya kilo za chuma, hesabu ambayo mwaminifu huipiga kwa mizani.

Huyu Ngoga alikuwa mkimbizi wa Misiera, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, mwenye suruali moja iliyopigwa pasi vizuri na mdomo usiojua likizo. Mwaka huo wa 2011 alikuwa amechoka na foleni ya maharage. Alitaka kwenda Kampala, achukue jina jipya, asirudi tena. Alichokosa ni mtaji, na sasa mtaji ulikuwa mbele yake unapata kutu.

"Wewe nafanya nini hapa?" Alikuwa Byaruhanga mwenyewe. Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi ya jeshi, alikokuwa akiuza nyama na ambako kaka yake alikuwa sajini.

"Nalia, mzee," alisema Ngoga, akifunga zipu kwa heshima zote. "Nalia kuona historia imelazwa kwenye majani."

Byaruhanga alieleza kwamba baba yake aliinunua wakati karakana moja ya reli ilipofungwa. "Watu ya chuma chakavu nakuja kila siku, mimi nakataa. Hii ni mali." Mali ya nini, hakujua. Alikuwa mtu asiyeuza kitu mpaka ajue kwa nini wengine wanakitamani.

"Chuma kisipofanya kazi kinakufa, mzee. Kwa wazungu, karakana kuukuu ya reli haibomolewi. Inahifadhiwa, mafundi wanaendelea kuchonga humo humo, na mgeni analipa mlangoni ili atazame. Ndiyo makumbusho hai. Sasa niambie, yale magari meupe ya wazungu yanaelekea wapi kila asubuhi?"

"Nakivale."

"Wakifika wanaona nini?"

"Wakimbizi."

"Basi. Wamechoka kutuona, mzee. Hata sisi tumechoka kujiona."

Byaruhanga alikuna shingo. "Jina yangu nakaa wapi?"

"Juu ya mlango, kwa rangi nyekundu."

"Na pesa ya mlango?"

"Yako yote. Mimi napenda historia tu." Maneno haya aliyasema ameweka mkono kifuani, na mkono haukutetemeka hata kidogo. Tumpe haki yake, maana kipaji ni kipaji.

Usafiri aliupata kwa Jonan, mwenye lori na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mpango ulikuwa mwepesi. Jumapili mchana mashine ingezinduliwa Misiera, Byaruhanga angepigwa picha na kurudi kwake amefurahi, na jioni Jonan angepakia kila kitu, pamoja na Ngoga, kwenda kukiuza Kampala kama chuma chakavu.

Kilichobaki ni mahali pa kufanyia uzinduzi, kwa hiyo akamwendea Nyirabizimana, mkuu wa mashemasi. Mama huyu alikuwa na huzuni yake. Kinu cha akina mama wa kanisa kilivunjika ekseli wakati wa mavuno, na tangu hapo wanawake walibeba mahindi kichwani mpaka mbali kwenda kusagisha. Wengine walikuwa wajawazito.

"Fasi iko, pale kwa kanisa," alisema Nyirabizimana. "Lakini ile mashine inatumikaka?"

"Mama, ni makumbusho hai. Chuma isipotumika inakufa."

"Unasemaka muzuri," alijibu mama, akamtazama kidogo kupita kawaida.

Jumapili lori lilifika, Byaruhanga amekaa mbele na tai yake. Wanaume waliteremsha mashine kwa magogo na kamba. "Msiingize mbali sana," Jonan alimnong'oneza Ngoga. "Jioni mimi napakia tena." Nyuma ya lori palikuwa na mama mmoja tu akifagia, amewapa mgongo, naye Ngoga hakuwahi kuogopa mtu mwenye ufagio.

Mbele ya kanisa palikuwa pametandikwa turubai la bluu, lenye kuku wawili, mihogo na ndoo ya maharage. Mashine ikawekwa hapo hapo. Ngoga hakuuliza kwa nini, kwani tangu atoke Uvira, huko Kongo, kanisani aliingia siku za pilau tu.

"Panda hapo karibu na mashine, ndugu yangu," alisema Nyirabizimana kwa upole, "photo itoke muzuri."

Ngoga akapanda. Alihutubia namna alivyoendesha garimoshi ujanani, likampeleka mpaka kwenye miji ambayo haina hata barabara. Wageni wawili wazungu walipiga picha. Byaruhanga aliketi kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, machozi yakimlengalenga.

Mchungaji Musoni akasogea. "Ndugu Ngoga, hivi vyombo mumevileta mbele ya Mungu kwa moyo mweupe?"

Byaruhanga alikuwa anamtazama. "Mweupe kabisa, mchungaji."

"Na wewe, mzee?"

Byaruhanga aliziona kamera. "Mimi pia. Jina yangu iwe juu tu."

Mikono ikawekwa juu ya mashine, juu ya kuku na juu ya kichwa cha Ngoga, na ngoma zikalia.

Kabla ya kuondoka, Byaruhanga alimshika Ngoga bega. "Wewe ndio nalinda. Kaka yangu ya jeshi atapita kila mwezi. Bolti moja ikipotea, yeye naongea na wewe."

Jioni Jonan alirudi kinyumenyume na lori lake, akakuta injini inanguruma. Mwimba besi wa kwaya, aliyewahi kuwa fundi wa kiwanda cha sukari, alikuwa ameinamia ekseli ya kinu, na wanawake wamesimama mstari mzima na magunia.

"Mama, mashine inaenda Mbarara kupakwa rangi," alisema Ngoga.

"Kitu ya turubai haitokake, ndugu yangu. Kitu yenye bantu baliweka pale ni sadaka, na mwenyewe ulikubali mbele ya bote." Nyirabizimana alitabasamu. "Jonan anaongeaka na nguvu mingi, hata akinong'ona. Nilikuwa nafagia."

Jonan alicheka mpaka akaegemea lori. Akaomba pini ya springi ya lori lake ichongwe, ikachongwa, akawasha gari. Ngoga alikimbia akashika ubavu wa lori. Kampala ilikuwa karibu hivyo.

"Na wewe unaenda wapi?" aliuliza mama.

"Mimi? Mimi si mashine."

"Wakati wa maombi ulisimamaka wapi?"

Ngoga aligeuka. Katikati ya turubai la bluu, kati ya kinyesi cha kuku na mafuta ya injini, zilionekana nyayo za viatu vyake, safi kabisa. Wanawake wote walikuwa wanazitazama. Akamkumbuka sajini, akauachia ubavu wa lori. Iliuma, na hakuna aliyemwonea huruma.

Walipomaliza ekseli, kinu kilianza kusaga kabla giza halijaingia. Mwanamke mjamzito aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari alichota unga wa kwanza mkononi, akaunusa, akacheka peke yake. Ngoga alitazama pembeni haraka, akajifanya anahesabu bolti za mashine.

"Mama," alisema, "hamuwezi kuniuza hata kwa mnada wa sadaka, pamoja na kuku?"

Nyirabizimana alimpa kopo la mafuta. "Kuku banapata mununuzi. Wewe, enda kupaka mashine."