Sisi Nne za Kisamoa, na Mkeka Mmoja

Leo nimejiaibisha ukweni. Nimesharudi nyumbani, nimevua viatu, magoti yananiuma, na bora mnisikie mimi mwenyewe hapa kundini kabla hamjaletewa na wengine.

Mnamjua Eliya, mjukuu wangu niliyemlea baada ya mama yake kufariki. Amepata mchumba, binti wa Kisamoa, anaitwa Sina. Ana adabu, na mwili umejaa vizuri (siyo kama hawa wetu wa siku hizi wanaokula majani). Leo ndiyo tuliitwa kwao Toongabbie, upande wa pili wa jiji, tujulikane. Mke wangu mguu umevimba, alibaki. Na upande wetu mzee ni mimi tu. Wengine tuliwazika, wengine bado wako kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Nikiharibu mimi, imeharibika. Hakuna mzee wa pili wa kwenda kuomba radhi.

Basi nikamwambia Sina anifundishe Kisamoa. Siyo kingi. Mimi, wewe, sisi, inatosha. Mtu akishajua mimi na wewe, mengine ataonyesha kwa mkono. Hata Kiswahili nilikipata hivyo hivyo, maana kwetu tulisema Kirundi, na shule niliacha siku paa lilipobebwa na upepo. Paa halikurudi, na mimi sikurudi.

Kumbe Wasamoa wana sisi nyingi. Kwetu sisi ni sisi, mkiwa wawili, mkiwa kijiji. Wao hapana. Wana sisi wawili, mimi na wewe: taua. Wana sisi wawili, lakini wewe haumo: maua. Wana sisi wote, na wewe ndani: tatou. Halafu wana sisi kundi letu, wewe kaa huko: matou. Nikamwuliza kwa Kiingereza changu nilichookota kiwandani Ingleburn, "Mwanangu, nguvu ya yote haya mnaitoa wapi?"

Akacheka. "Babu, ukimwambia baba yangu matou, umemtoa nje ya nyumba yake."

Hiyo ikaniingia. Wiki nzima sikulala vizuri. Hata nikioga, tatou, tatou. Mke wangu akaniuliza, "Mzee, unaita kuku?"

Leo ndani ya treni kutoka Campbelltown bado nafanya mazoezi. Najigusa kifua, nanyoosha mkono mbele: taua. Mama mmoja wa Kizungu aliyekaa mkabala nami akachukua mkoba wake akahamia behewa lingine. Eliya akajifunika uso kwa kofia.

Tukafika. Nyumba imejaa watu, na watu wenyewe wakubwa, mimi kati yao kama fimbo iliyosahauliwa. Watu wamekaa chini, nami nikakaa zuliani. Baba yake Sina akatoa hotuba. Ndefu. Mimi nasikiliza tatou tu, nikiisikia natikisa kichwa. Mgongo unawaka moto, lakini natikisa.

Halafu wakaja mama yake Sina na shangazi yake, wameshika mkeka. Laini kama kitambaa, una manyoya mekundu pembeni. Wakaukunjua, wakazunguka nao, watu wakashangilia. Kisha wakautandaza chini, mbele yangu pale pale.

Sasa niambieni nyinyi. Mgeni umefika, mwenye nyumba ametoa mkeka mzuri, ameutandika mbele ya miguu yako. Unafanya nini? Ukibaki zuliani umemtukana. Marehemu mama yangu angetoka kaburini kuja kunichapa. Nikainuka kwa adabu, nikajipangusa nyayo (soksi zilikuwa safi, Mungu shahidi), nikakaa. Katikati kabisa.

Nyumba ikanyamaza. Kulikuwa na kichanga kinalia, nacho kikanyamaza.

Mimi nikadhani ndiyo heshima yenyewe. Nikaona sasa ni saa ya maneno yangu. Nikapigapiga mkeka kando yangu, nikamtazama mama yake Sina, nikasema, "Taua." Mimi na wewe, njoo ukae. Hakuja. Nikadhani nimewabagua wengine. Nikafungua mikono kwa nyumba nzima: "Tatou!"

Hakuna aliyesogea. Eliya akaninong'oneza, "Babu, toka hapo. Hapakaliwi." Na Eliya huyu tangu aanze shule hajawahi kunijibu kwa Kiswahili. Leo kimemtoka chenyewe. Hapo ndipo nilipoogopa.

Kumbe mkeka ule ndiyo mali yao. Bibi mzaa mama wa Sina aliusuka miezi na miezi, hutolewa harusini na msibani, na ukipewa unauinua juu ya kichwa kushukuru. Wao kichwa. Mimi nimeupa upande wa pili. Wiki nzima nachunga ulimi, kumbe wa kuchungwa alikuwa huko nyuma.

Nikataka kuinuka, magoti yakagoma. Nikajaribu kushoto, nikajaribu kulia, naogopa kuegemea manyoya. Mwisho wajomba wawili wa Sina wakanishika makwapani wakaninyanyua, miguu bado imekunjwa, kama mtungi. Wakanitua zuliani. Shangazi akainama, akakagua pale nilipokuwa nimekaa. Mbele ya watu wote.

Kisamoa chote kikanikimbia. Nikamwambia baba yake Sina, kwa Kiingereza kile kile cha kiwandani, "Nisamehe, ndugu yangu. Kwetu mgeni akitandikiwa mkeka, hukaa. Nilidhani mmetupenda."

Sina akamtafsiria.  Tumbo la mzee likaanza kutikisika kwa kicheko, likatikisika mpaka machozi yakamtoka, ndipo akasema neno.

"Baba anasema tumewapenda," Sina akaniambia. "Anasema kama Eliya hana mzee mwingine wa kuleta, huyu huyu anatosha."

Shangazi naye akatoka nje, akarudi amebeba kiti cha plastiki cha bustanini. Akakiweka karibu na mlango, mbali na mkeka, akanionyesha kwa kidole.

Basi, msinicheke. Eliya amepewa mchumba. Mkeka tumepewa, mke wangu ameufunga ndani ya shuka juu ya kabati, na kila nikipita ananitazama. Mimi nimepewa kiti, na nimeshaambiwa kwamba harusini kitakuwepo.