Uwanja Utaitwa Kafedha

Jumapili, 14 Septemba 2025

Mke wangu amekufa. Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi. Presha.

Jana tumemzika kwetu Kaloleni. Nilianza kuchimba mwenyewe, wakaninyang'anya jembe. Ati mfiwa hachimbi. Miaka thelathini nachimba misingi ya nyumba za watu. Siku ya mke wangu nakatazwa.

Seremala aliniuliza msalaba uandikwe nini. Nikamwambia, Mama Caroline, mke wa Gona. Caroline, binti yetu, akasoma. Akaniuliza jina la mama liko wapi. Nikamjibu kila mtu analijua. Akanyamaza. Kunyamaza kwake amerithi kwa mama yake. Kunakata.

Nyapara wangu Matthew amenipa ruhusa mpaka Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili. Siku zote hizo bila kubeba zege. Sijui mtu hufanya nini. Caroline amenipa daftari. Ati niandike, niache kusema na ukuta. Sikuwa nasema nao. Nilikuwa naukagua. Plasta mbovu.

Jioni nimepita kinu cha unga. Tangazo. Uwanja wetu wa Mikindani umesawazishwa, umewekwa magoli, sasa unatafutiwa jina. Liwe la mwanamichezo wa hapa hapa. Kamati inakaa Jumamosi. Watu wote wanasema Talha. Talha ni mpwa wa Habib kinyozi, jirani yangu. Anacheza mpira Omani. Nikamwambia Habib kwamba Talha anakaa benchi. Akanijibu benchi la Omani lina feni.

Mke wangu alikimbia pale kabla hapajawa uwanja. Mbuzi na miba. Mwaka wa tisini na nne akashinda mbio za mita elfu tatu za Pwani nzima. Miguu mitupu!

Uwanja utaitwa jina lake. Nimeshaamua. Habib hajui linalomjia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekwenda kwa Mzee Idarus, mwenyekiti wa kamati. Nimevaa shati la mazishi. Shikamoo. Marahaba. Watoto, nyumba, kazi, afya. Salamu za wazee hawa ni safari, huwezi kuteremka njiani. Mwisho nikasema haja yangu.

Akataka ushahidi. Cheti kililiwa na mchwa zamani. Lakini zawadi aliyopewa siku ya mbio ipo, nilikuja nayo ndani ya gunia. Sufuria. Nikaiweka mezani. Mzee akachungulia. Akauliza ina nini. Nikamwambia ina ushindi. Akasema ina ukoko.

Caroline amepikia wali jana. Sikuangalia.

Hakunifukuza hata hivyo. Akasema, mwanangu, lete sahihi mia moja za wakaazi kabla ya Jumamosi. Habib ameshaleta mia na kumi na mbili. Tena Talha ametuma mipira ya vijana. Nikauliza kama mipira inahesabiwa sahihi. Akaniambia nenda mwanangu, jua linapanda.

Mia moja! Mikindani nzima ilijaa uani kwangu wakati wa matanga. Mia moja nitapata kabla ya adhuhuri.

Jumanne, 16 Septemba

Sahihi nne.

Nimetembea tangu alfajiri. Kila mlango nasema, tunataka uwanja uitwe Kafedha Munga. Kila mlango unaniuliza Kafedha ni nani. Mmoja akadhani anagombea kiti. Akaniuliza yuko chama gani. Mwengine akanifungia mlango usoni, ati siasa asubuhi hataki.

Aliyenimaliza ni Mwanabibi. Anauza mahamri mlango wa pili. Miaka kumi na tisa yeye na mke wangu waliazimana chumvi. Akasoma karatasi. Akauliza, Kafedha ni yupi tena, Baba Caro? Nikamwambia. Akashika kifua. Mama Caro ndiye Kafedha? Wallahi sikujua! Na hizi mbio? Yule aliyekuwa akitembea kama amebeba trei ya mayai?

Akaketi. Mahamri yakaungua. Akanilaumu mbona sikuwaambia. Nikasema hukuuliza. Akasema, sasa mtu mzima atamuuliza mama wa watu jina lake la utotoni, ana adabu gani huyo?

Kweli. Huku ukishazaa, unaitwa kwa mtoto. Lako linawekwa. Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho mimi mwenyewe kumwita Kafedha. Ilikuwa mbele ya mchungaji, siku ya harusi. Caroline alipozaliwa nikaanza kumwita Mama Caro. Kabla ya hapo nilikuwa nakohoa. Akisikia, anakuja.

Mwanabibi ametia sahihi. Karatasi ina dole la mafuta. Jumla nne.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepata! Nimepata bila kutembea!

Kitabu cha wageni wa matanga. Kilikuwa juu ya kabati. Kila aliyekuja kutupa pole aliandika jina, anakotoka, maoni, sahihi. Mia na hamsini na sita! Hawa hawakuja kwa ajili yangu. Mie nina marafiki wawili, na mmoja yuko Bamburi. Walikuja kwa ajili yake. Basi sahihi ni zake. Huku si kuiba. Ni kutumia tena, kama mbao za zege.

Nimechana ukurasa wa mbele ulioandikwa RAMBIRAMBI. Nimebandika mwengine kwa uji mzito wa ngano. SISI WAKAAZI TUNATAKA UWANJA UITWE KAFEDHA MUNGA. Darasa la tano niliachia njiani, lakini herufi zangu kubwa zimesimama kama nguzo. Safu ya maoni nimeiacha. Maoni mazuri husaidia.

Caroline amerudi kutoka kiwanda cha nguo. Akauliza uji wa kubandika ni wa nini. Nikasema viatu. Akatazama miguu yangu. Nimevaa ndara.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimempelekea Mzee Idarus kitabu. Nimekifunga kwa kamba. Akauliza mbona kizito. Nikasema mapenzi ya watu.

Nikirudi, Habib ametoka mlangoni kwake na mkasi. Ati njoo nikunyoe. Mfiwa hunyolewa, siku zimefika, na mimi hapa sitaki malipo. Nikakataa. Mtu hampi adui shingo siku mbili kabla ya vita. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Sikuwa nimekula. Nikamwambia amsalimie Talha, kama hajashikwa na baridi kwa feni.

Akacheka. Kicheko kizuri. Kimeniudhi mpaka saa hii.

Ijumaa, 19 Septemba

Hakuna. Kungoja tu. Nimepiga plasta upya upande mmoja wa ukuta. Nikaita jina lake kwa sauti, kujizoeza, maana kesho huenda nikaambiwa nihutubie. Limetoka kama la mtu mgeni. Nimelirudia. Nikakohoa kwa bahati mbaya. Nikageuka kutazama mlango.

Upande wa pili wa ukuta nimeuacha.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku mbaya. Naandika hivyo hivyo.

Kikao kilikuwa uwanjani, chini ya turubai. Watu wengi. Katibu ni Fondo, mwalimu mstaafu. Kwanza za Talha, mia na kumi na mbili, safi. Halafu kitabu changu. Mzee Idarus amesahau miwani, akamwambia Fondo asome kwa sauti. Fondo ni mtu ambaye akianza kusoma hasimami hata nyumba ikiungua.

Akasoma kichwa. Uwanja uitwe Kafedha Munga. Watu wakaitikia kidogo. Nikanyoosha mgongo.

Akasoma wa kwanza. Kaviha, kutoka Jomvu. Maoni: poleni sana.

Wa pili. Lavender. Mungu ampumzishe pema.

Wa tatu. Sumeya. Ametangulia, sote njia ni moja.

Watu wakaanza kutazamana. Mmoja nyuma akauliza kwa sauti, kwani uwanja umekufa? Fondo akaendelea. Ukurasa wa nne, maoni: maji ya kunawa hayakutosha. Akasoma jina. Mzee Idarus mwenyewe! Watu wakacheka, halafu wakakumbuka ni kitabu cha nini, wakaacha. Kule kuacha kulinikata zaidi ya kule kucheka.

Ukurasa wa tano. Habib, kinyozi. Jirani, msiba wako ni wangu.

Habib akasimama. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Akasema, Gona, nilifunga duka siku mbili nikaja kukuzikia mke. Hukuniita, nilikuja. Leo umechukua pole yangu ukaipigia kura, tena dhidi ya mtoto wa dada yangu. Ungeniomba sahihi ningekupa. Ningeweka zote mbili, yake na yako. Akaketi.

Namchukia zaidi, kwa sababu alisema kweli mbele ya watu.

Mwanabibi ndiye aliyeniokoa, au alitaka kuniokoa. Akasema mambo ya kitabu yawekwe kando, mimi niwaambie kuhusu mbio. Nikasimama. Nikasema nilivyoona, maana nilikuwepo. Duru saba na nusu. Yeye wa mwisho mpaka duru ya nne. Nilidhani amechoka. Kumbe anawahesabu. Duru ya tano akaanza kuwapita, mmoja mmoja, bila haraka, kama anayechagua nyanya. Wa mbele alikuwa na viatu vipya vyekundu. Alipopitwa, alitazama miguu ya Kafedha, halafu akatazama viatu vyake, kama vimemdanganya.

Watu wakasogea mbele. Hata wale wa Talha. Nikajua nimewapata.

Halafu Mwanabibi akauliza, kwa upole tu, sasa mbona aliacha?

Nikasema mguu.

Haukuwa mguu. Nilimuoa Disemba ya mwaka ule ule. Nikamwambia mke wa mtu hakimbii njiani watu wakitazama. Akasema haya. Mara moja tu, haya. Kesho yake akaanza kutembea ule mwendo wa mayai. Miaka thelathini. Sikuyasema haya kikaoni. Nimeyaandika hapa, sasa naenda ukurasa wa pili.

Kura. Mikono ya Talha ikajaa turubai zima. Mwanabibi hakuinua mkono kwa upande wowote, alikuwa anafuta macho kwa leso. Uwanja utaitwa Talha.

Baadaye Mzee Idarus amenishika bega. Nikakiri kwamba nilikuwa na sahihi nne tu za kweli. Akasema, mwanangu, zile sahihi nne za kweli ungeniletea, zingetosha kuanzia. Tungetafuta kitu, hata mbio za wasichana za kila mwaka zikapewa jina lake. Lakini kitabu cha msiba, hapana. Akanirudishia. Kamba alikuwa ameifunga vizuri kuliko mimi.

Jumapili, 21 Septemba

Caroline amesikia yote kutoka kwa Mwanabibi. Hakunigombeza. Alikwangua uji mkavu kwenye kitabu kwa ncha ya kisu, taratibu, asichane. Halafu akasema, baba, msalaba uko Kaloleni na wewe ndiye uliyesema uandikwe vile. Seremala yuko. Rangi ipo. Anza huko.

Nikasema Kaloleni ni mbali, na msalaba wasomaji wake wachache.

Akasema Mwanabibi na kina mama wanataka kuandika barua yao, sahihi za kweli, kuomba hizo mbio za wasichana. Wanataka niende jioni niwasimulie tena ile duru ya tano. Na lile jambo la mguu, akasema, niwaambie kweli. Alinitazama aliposema hivyo. Sijui mama yake alimwambia nini na lini.

Nikamwambia mambo ya barua ni ya polepole. Nitafikiri.

Saa kumi simu ikalia. Matthew. Pole, bwana, unaendeleaje, tumbo, usingizi. Akasema amepata kazi ndogo hapo karibu. Lango la uwanja. Nguzo mbili, bango la TALHA, na chini sakafu ya zege ya kupitia watu. Nguzo zimesimama tayari. Sakafu inamwagwa saa mbili asubuhi. Je, nina nguvu?

Nikasema ninazo.

Mpango umekuja wenyewe. Zege bichi linashika chochote. Nina msumari wa inchi sita. Matthew hunywa chai saa nne kasoro, kwa dakika kumi. Zinatosha. Herufi saba, katikati ya sakafu, pale kila anayeingia lazima apite. KAFEDHA. Habib na mpwa wake watalipita kila siku mpaka mwisho wa dunia! Kamati haina la kufanya. Zege halipigiwi kura.

Ni hatari kidogo, Matthew akirudi na chai yake akaona. Nimeshafikiria. Nikimaliza tu, napitisha mwiko juu, mara mbili, laini kabisa. Hakuna atakayeliona jina.

Kina mama nimewatumia salamu kwamba siwezi kuja. Lazima nilale mapema. Kesho narudi kazini.